Mnanicheka nywele? Sikilizeni kwanza

Mimi mzima wa afya, isipokuwa kichwa. Na nikisema kichwa sina maana ya kipandauso, nina maana ya nywele. Wale mlioniona Jumamosi pale Makumbusho stendi mkanyoosheana vidole, niliwaona. Na wewe konda uliyesema "mpisheni huyo kaka kasukwa na fundi baiskeli", nilikusikia vizuri sana, ila sikujibu kwa sababu nauli yangu ilikuwa pungufu.

Ni kweli, nimesuka. Kijana wa miaka 26, mwenye ndevu zangu tatu, nimesuka twende kilioni mistari sita. Mitatu imenyooka, mitatu imepinda kama uchochoro wa kwetu Mwananyamala baada ya masika. Kijiweni washkaji wana wiki ya tatu hawana mada nyingine, hata mpira wameuacha. Mmoja kanipachika jina la Bi Harusi. Mwingine, rafiki yangu kabisa, alinivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nina matatizo nyumbani.

Matatizo nyumbani ninayo, mshkaji wangu, tena unayajua. Aliyenisuka ni dada. Kwa mkono wa kulia.

Kwa wasiomjua, dada yangu ni msusi. Saluni yake haina kioo wala kiyoyozi, ni benchi moja na viti viwili vya plastiki chini ya mwembe, lakini wateja walikuwa wanatoka mpaka Mbezi. Mimi hii kalamu mnayoisoma kila wiki imetokana na vidole vile. Ada ya sekondari, sare, nauli, hata daftari la kemia nililolichora vikatuni badala ya kuandika, vyote vilitoka kwenye rasta za watu. Kwa hiyo tukizungumzia mkono wa dada, tunazungumzia sufuria la nyumba nzima.

Tatizo lake lilianza zamani kabla ya kupooza. Asubuhi vidole vinavimba. Homa zinakuja na kuondoka bila kuaga. Anachoka uchovu wa ajabu, analala saa kumi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akikaa juani anatoka wekundu mashavuni mpaka juu ya pua. Sasa kwetu uswahilini homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, akatibiwa malaria. Halafu taifodi. Halafu malaria tena, halafu baridi yabisi. Katikati ya hapo mimba mbili zikaharibika, na maneno ya mawifi mnayajua, siyarudii hapa maana gazeti hili linasomwa na watoto. Mpaka siku moja daktari mmoja kijana akaangalia yale mashavu, akaangalia vidole, akaagiza vipimo vya damu, na jina likatoka: lupus.

Nilivyoeleweshwa mimi, na nawaeleza kwa lugha ya kijiweni, ni hivi. Mwili wa mtu una sungusungu wake, kazi yao kukamata wadudu wa maradhi. Kwa mwenye lupus sungusungu wamechanganyikiwa. Wanawaacha vibaka wanapita, wao wanaanza kuwapiga virungu wenye nyumba: leo ngozi, kesho viungo, keshokutwa figo. Hauambukizi. Katika kila wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, na wengi unawashika wakiwa wasichana au kina mama vijana. Msifikiri ni wa kwetu tu. Toni Braxton alitangaza mwaka 2010 kwamba anao. Selena Gomez alisema wazi mwaka 2015, na 2017 akawekewa figo aliyopewa na rafiki yake. Na yale makovu ya usoni ya Seal, ambayo tulikuwa tunabishana kijiweni kama ni ya simba, ni lupus ya ngozi.

Dada akaanzishiwa dawa. Mojawapo ni binamu wa klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka serikali ilipoiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria. Akawa anaendelea vizuri tu. Akarudi mwembeni.

Basi bwana, Jumapili moja ya Machi mwaka juzi yuko anamsuka mteja, kitana kikamdondoka. Akainama kukiokota, mkono ukamgomea. Akacheka. Mteja naye akacheka. Akataka kusema kitu, maneno yakatoka yamevurugika kama redio iliyopoteza stesheni, na mdomo umekwenda upande. Mteja akaendelea kucheka akidhani anaigizwa. Akageuka kumtazama ndipo akapiga yowe.

Sasa sikilizeni tulivyofanya ili nyie msifanye. Mama Nanii wa nyumba ya pili akasema huyu kapigwa na upepo. Tukamlaza. Tukamwekea maji ya sukari mdomoni, yakawa yanatokea pembeni na yanampalia, maana koo nalo lilikuwa nusu limelala, na kumbe angeweza kufa kwa yale maji tu. Tukamsubiri mjomba mwenye gari. Kilitokea saa tisa mchana, hospitali tumefika saa tatu usiku. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mpaka kichwa kipigwe picha ya CT-scan kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Sisi muda huo tuliumaliza kubishana kuhusu upepo. Uso umeshuka upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawa: chukua bajaji, nenda. Mjomba atawakuta huko.

Watu wa mtaani waliuliza swali moja tu: kiharusi kwa mtu wa miaka 29, asiye na presha? Ni kweli kiharusi wengi wanakijua kama ugonjwa wa wazee wa presha, na kwa jumla jijini kwetu kipo kingi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza jijini ni karibu mara tatu ya Hai, ukilinganisha watu wa umri sawa. Lakini cha dada kilipita mlango mwingine. Baadhi ya wenye lupus wana chembe za kinga ndani ya damu zinazofanya damu igande ovyo. Hali hiyo ilielezwa na daktari Graham Hughes wa London mwaka 1983, na wengine wanaiita kwa jina lake. Bonge la damu likienda ubongoni ni kiharusi. Likikaa kwenye kondo la nyuma, mimba inaharibika. Kipimo kikirudiwa baada ya wiki 12 kikakuta chembe zile zile, hapo hakuna ubishi. Cha dada kilirudiwa, zikakutwa.

Mama alisikiliza maelezo yale yote kimya, mikono imekunjwa mapajani. Halafu akamwuliza daktari: "Kwa hiyo, baba, hata wale wajukuu wangu wawili?" Daktari akasema ndiyo mama, inaelekea. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mawifi hawajaja mpaka leo kuomba radhi, lakini hiyo niiache.

Bonge liliziba upande wa kushoto wa ubongo, na upande wa kushoto ndio unaoamrisha mkono na mguu wa kulia. Kwa watu wengi ndio wenye maneno pia. Siku ya kuruhusiwa tukapewa mfuko wa dawa na karatasi. Dawa mpya ilikuwa warfarin, ya kuzuia damu isigande, na yenyewe ina masharti kama mganga: damu inapimwa mara kwa mara, kwa dada wanataka kile kipimo chao cha INR kiwe kati ya 2 na 3, na mchicha na kisamvu asile leo bakuli zima halafu wiki mbili asiguse, ale kwa kiasi kile kile siku zote. Hayo tulielezwa. Ila kwenye karatasi kulikuwa na neno moja limeandikwa kwa mwandiko wa kukimbizwa na mbwa: PHYSIO, mara tatu kwa wiki.

Naomba msicheke. Mimi, msomi wa familia, nilichukua ile karatasi nikaenda duka la dawa. Binti akaisoma, akageuka rafuni, akatafuta, akasema: "Hiyo physio imetuishia kaka, jaribu Kariakoo." Nikaenda Kariakoo! Maduka manne. La tano mzee mmoja mwenye miwani akanitazama kwa huruma akaniambia, "Mwanangu, hii hainywewi. Hii ni mazoezi." Sitaji ile hospitali ni ipi, lakini dakika mbili za kutueleza zingetuokolea mwezi mzima.

Maana mwezi huo ndio tulioupoteza kwa mchuaji. Nikarudi nyumbani na habari kwamba ni mazoezi, mama akasema kama ni mambo ya viungo basi yuko babu mmoja anachua, hodari kweli. Babu akaja na mafuta yake ya nazi na karafuu. Akachua, akavuta, akaning'inia kwenye ule mkono kama anang'oa muhogo. Dada analia, babu anasema "ndiyo mishipa inaamka hiyo". Siku ya tatu mkono na paja vimejaa mabaka meusi kama embe lililoanguka, kwa sababu mtu anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande ukimminya hivyo anavuja damu kwa ndani. Na bega likatoka kidogo mahali pake. Maumivu ya bega lile yalikaa miezi.

Tulipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenyewe, sista mmoja aliyesomea Moshi, KCMC, mpole wa sauti lakini macho makali, jambo la kwanza alilofanya ni kushika lile bega. Akauliza, "Nani aliuvuta mkono huu?" Mama akatazama dirishani. Mimi nikatazama dari.

Akatukalisha. Bega la mkono uliopooza, alisema, limeshikwa na misuli iliyolala, kwa hiyo mkono hauvutwi hata wakati wa kumwinua mtu kitandani. Unaushika kwa chini, unauwekea mto. Halafu akatueleza ubongo kwa mfano ambao hata konda yule angeuelewa. Morogoro Road ikifungwa pale Jangwani kwa mafuriko, magari hayalali. Yanatafuta njia za pembeni, yanazungukia Kigogo, yanapita mitaa ambayo jana ilikuwa ya mbuzi. Siku ya kwanza wanapita wawili watatu na wanakwama. Wakipita kila siku panakuwa barabara. Kile kipande cha ubongo kilichokufa hakifufuki, lakini kazi yake inaweza kutafutiwa njia ya mchepuko, na njia hiyo inachongwa kwa mgonjwa mwenyewe kufanya tendo lile lile, tena na tena, mara mia. Akichuliwa amelala, hakuna gari lililopita. (Nasema njia ya mchepuko, sio michepuko yenu ile.)

Mimi nikapata moto. Nikamwambia, "Sista, basi tuanze leo, asubuhi mpaka jioni!" Akanitazama. Akasema pole pole kaka. Hata kwa kiharusi cha kawaida, kukimbilia kwingi mapema kuna madhara. Akanitajia utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000 kutoka nchi 5: walioinuliwa na kutembezwa sana ndani ya saa 24 za mwanzo walipona vibaya kidogo kuliko waliopelekwa taratibu. Kinachofaa ni vipindi vifupi, mara nyingi. "Na huyu," akasema, "ana mawili kwa mpigo. Kiharusi kinataka arudie mara mia. Lupus inamruhusu mara ishirini. Kazi yetu mimi na yeye ni kutafuta hizo mia bila kuichokoza lupus."

Hapo ndipo akatuuliza kama tunatumia LUKU. Nani asiyetumia? Akasema kuna mwanadada wa Marekani, Christine Miserandino, naye ana lupus, mwaka 2003 aliandika akifananisha nguvu za mgonjwa kwa siku na vijiko vya kuhesabu, kila kazi inakula kijiko. "Sisi tutumie uniti." Dada anaamka na uniti kumi. Kuoga mbili. Kuvaa moja. Kwenda mpaka mwembeni na kurudi mbili. Mazoezi ya mkono asubuhi mbili, jioni mbili. Ukimchosha asubuhi kwa sifa zako, jioni luku imekata, na huyu akikata hakuna wa kukopa uniti usiku. Kesho yake anaamka na nne.

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeuliza "umeamkaje". Tunauliza "uniti ngapi?" Anaonyesha kwa vidole vya kushoto.

Haya, sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nimewacheka babu na mama, na mimi sikuwa bora kuliko wao. Mimi nilimpenda dada mpaka nikamlemaza. Nilikuwa namlisha. Namfunga vifungo. Namchania nywele. Akinyoosha mkono wa kulia kuelekea kikombe, kabla haujafika nimeshamwekea kikombe mdomoni. Niliona natenda wema, si ndiye aliyenisomesha? Siku moja sista kaja nyumbani, akanikuta namfunga kifungo cha gauni. Akasema, "Kaka, hicho kifungo ni zoezi lake. Wewe mkono wako mzima, unafanya zoezi la nini?"

Nikaudhika, kusema kweli. Nikamwangalia dada anitetee. Dada machozi yanamtoka. Wakati huo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja, kama bomba la maji la kwetu. Akasema: "Acha... nife... nacho."

Nikakaa kwenye stuli nikaikalia mikono yangu. Kifungo kimoja, dakika kumi na moja, nilihesabu kwenye simu. Mara nne kilikaribia kuingia kikatoka. Jasho. Mama alitoka nje akasingizia anaangalia maharage. Kilipoingia dada hakusema kitu. Alikwenda kulala, maana kifungo kile kilikula uniti tatu.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Kuinuka kwenye kiti na kukaa, mara tano, apumzike, tena tano, kwa sababu zile dawa za prednisolone zinalegeza misuli ya mapaja na kupunguza nguvu ya mifupa, na mapaja yakilegea mtu anaanguka. Kuhamisha kunde bakuli hili kwenda lile, mojamoja. Kubana vibanio vya nguo kwenye kamba. Kutembea, lakini saa kumi na mbili asubuhi au jua likishazama, kwa mikono mirefu na mwavuli karibu, maana jua linaiamsha lupus. Kipimo cha mwendo ni mdomo: awe anaweza kuongea na mimi, lakini akijaribu kuimba apungukiwe pumzi. Akishindwa hata kuongea, tunakaa.

Kuna la kioo pia. Kioo cha kabati la mama kikasimamishwa mezani mbele yake, mkono mgonjwa umefichwa nyuma yake, mkono mzima uko mbele. Anaukunja na kuukunjua ule mzima huku anatazama kioo, na ubongo unaona mkono wa kulia unafanya kazi. Mama Nanii alipochungulia akaona dada anaongea na kioo, mtaa mzima ukajua sasa ni majini rasmi.

Na la glavu. Mwaka 2006 huko Marekani walichapisha majaribio ya wagonjwa 222: waliofanyiwa zoezi hili mkono mzima ulivikwa glavu karibu muda wote wakiwa macho, wiki mbili, pamoja na saa nyingi za mazoezi kila siku, ili mkono mvivu ukose pa kujificha. Walifaidika kuliko wenzao. Lakini sista akasema ya saa nyingi ni ya mtu ambaye viungo vyake haviumi. Dada akapewa saa mbili tu kwa siku, tena baada ya kiganja kuanza kuinuka kidogo chenyewe. Nikamvalisha soksi yangu ya mpira, ya Simba. Mama ni Yanga, akakataa kumwangalia.

Mwezi wa Julai yote yakasimama. Lupus ikaamka: vidole na magoti yakavimba, homa, uchovu wa kushindwa kukaa. Mtaani washauri wakagawanyika. Wengine wanasema mazoezi ndiyo yamemponza, aache kabisa. Wengine wanasema dawa ndizo zinamvimbisha uso, aache dawa. Zote mbili ni kimeo. Prednisolone ukiikata ghafla inaweza kukuua, inapunguzwa na daktari, hatua kwa hatua. Na mazoezi hayakuachwa, yalipunguzwa. Kiungo kilichovimba na chenye moto hakinyooshwi kwa nguvu. Kinasogezwa taratibu mpaka pale kinapokubali, mara chache kwa siku, kisikakamae. Mwezi ule zoezi lote la dada lilikuwa kufungua na kufumba kiganja kitandani na kugeuza kifundo cha mguu. Alikuwa analia akisema tunaanza upya. Sista akamjibu barabara haifutiki kwa wiki tatu, inaota majani tu.

Siku moja katika hizo alianguka bafuni akagonga kichwa. Hakutoka hata tone la damu, na yeye anasema hajambo, anataka kulala. Sista alishatuonya: mwenye warfarin akigonga kichwa haambiwi pole akalale, anapelekwa. Tulikwenda usiku ule ule, wakampiga picha, salama. Safari hii hatukumsubiri mjomba.

Alipopata nafuu ndipo sista akamwuliza swali ambalo nadhani alitakiwa kuulizwa mapema. "Dada, kunde hizi unazipenda?" Dada akasema hapana. "Unapenda nini?" Dada akaonyesha mwembe kwa kidevu.

Nikafunga katani kwenye kitasa cha mlango, nyuzi tatu nene. Akazisuka kama msichana wa darasa la pili anayejifunzia kwenye nywele za muhindi. Wiki ya kwanza zilikuwa fundo. Wiki ya tatu zikawa msuko. Tukanunua kichwa cha mwanasesere mtumba, elfu tano, tukamwita Mteja. Mteja akasukwa mpaka nywele zikamwisha. Na kichwa cha mwanasesere, dada akasema, hakina joto, na hakilalamiki ukikivuta.

Ndiyo maana nilifuga nywele miezi mitano. Ile Ijumaa mlioniona nimesuka kushoto tu, kulia nimesimamisha kama kuku wa kidari, mkadhani ni staili mpya ya Marekani, ni kwamba uniti zilikwisha kwenye mstari wa tatu. Tulimalizia Jumamosi asubuhi. Jumla yake saa mbili na dakika arobaini, kazi ambayo zamani angeimaliza huku anakula mihogo.

Mguu bado unaburuza kidogo jioni akichoka. Kidole gumba bado kizito, na ncha za vidole anasema anahisi kama amevaa glavu ambayo hakuna wa kumvua. Rasta ndogo ndogo hawezi. Hajui kama atawahi kuziweza, na sista hajamwahidi.

Juzi kabinti ka jirani, ka darasa la tatu, kalikuja na kitana chake kakakaa kwenye benchi chini ya mwembe kama kawaida ya zamani, hakuna aliyekatuma. Dada akanitazama. Nikaikalia mikono. Akakaambia, maneno sasa yanakuja mawili matatu kwa pamoja: "Uniti zangu mbili. Mistari miwili. Kesho, mingine." Kabinti kakasema sawa anti. Jioni mama yake akaja na kale kakichwa ka mistari miwili, nikajua hapo tunarudishiwa kitana. Akatoa elfu moja akampa dada mkononi, mkono wa kulia, akasubiri mpaka vidole vilipoifunga ile noti. Akasema, "Hiyo ya leo. Kesho nitakuletea kichwa kilichobaki."

Mimi kesho asubuhi nafumuliwa. Anasema mstari wa nne haumridhishi.